Pasaka ilipita, gemu likaanza kuganda: kisa cha ruta moja ya Isamilo

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi. Kuanzia saa mbili usiku mchezaji anaganda katikati ya uwanja, mpira unarudi ulikotoka, na skrini ikikaa sawa unakuta umeshafungwa. Mlalamikaji ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri kwenda chuo, na jioni zake anazimalizia kwenye mpira wa PlayStation na wenzake wa Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Wana ligi yao, matokeo wanayatuma kwenye kundi la WhatsApp. Nyumba iko Isamilo, jijini Mwanza, kwenye mteremko wa mawe. Faiba wanayo, na anayeilipia ni mama yake.

Hadi naitwa, hatua mbili zilikuwa zimeshachukuliwa na zote zilikuwa za pesa. Kwanza walipandisha kifurushi kutoka Mbps 10 hadi Mbps 20. Hakikubadilika kitu. Kisha wakanunua ruta ya gemu, ile ya antena sita na taa zinazobadilika rangi, kwa bei ya simu nzuri. Kuganda kukabaki palepale, na likazaliwa jipya: kijana akawa hasikii sauti za wenzake wakati wa mechi, na mara nyingine akialikwa kwenye chumba cha mchezo anagoma kuingia.

"Mwanangu, mimi nimeshalipa mara mbili," mama aliniambia nilipomaliza kumwamkia. "Niambie kama nalipa tena, au nawauza wote, ruta na huyu mchezaji wake."

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na shida tatu na nusu, na kwa aliyeshika pedi zote zilionekana kama moja. Ndiyo maana kila aliyegusa moja alionekana hajafanya kitu.

Kasi ilikuwa nzuri

Jirani anayejua kompyuta alikuja, kisha fundi wa mtoa huduma akaja. Wote walifanya jambo lilelile: kusimama sebuleni mchana, hatua mbili kutoka kwenye ruta, na kufungua tovuti ya kupimia kasi. Ikasoma Mbps 19. Mtandao uko poa, wakaondoka.

Hawakusema uongo. Ila gemu la mpira halihitaji Mbps nyingi. Mechi nzima inapita kwenye njia isiyofika hata Mbps 1, kwa sababu kinachosafiri si picha. Picha inachorwa na mashine yenyewe pale chumbani. Zinazosafiri ni taarifa ndogondogo, ziitwazo pakiti: nimebonyeza pasi, beki yuko hapa, mpira uko pale. Zinakwenda mara nyingi ndani ya sekunde moja, na iliyochelewa haina kazi tena. Video ya YouTube inajiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo hujui. Mechi haina akiba, maana mbele yake bado haijachezwa.

Vya kupima hapa ni pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, kisha kuyumba kwa hiyo pingi, kisha idadi ya pakiti zinazopotea njiani. Mimi kuyumba nakiweka mbele. Pingi ya milisekunde 110 iliyotulia vidole vinaizoea. Inayotoka 70 hadi 400 na kurudi ndani ya pumzi moja haizoeleki na mtu yeyote.

Kuna sehemu ya pingi ambayo hakuna fundi wala ruta inayoweza kuishusha. Mwanga ndani ya faiba unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 kati yako na seva zinakula milisekunde 1 kwenda na kurudi. Mwanza hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,700 ukipiga mstari mnyoofu: milisekunde 27 zimeshakwenda, na nyaya hazipiti mstari mnyoofu. London ni kama kilomita 6,800. Anayekuuzia ruta ya kupunguza pingi hakuuzii njia ya mkato ya kwenda London. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini na nchi nzima ikasota, mwenye ruta ya antena sita na mwenye ya antena moja walikuwa sawa.

Kijana naye alikuwa ameshajaribu ya kwake. Alibadilisha DNS ikawa 1.1.1.1. Haina ubaya, lakini DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya seva mwanzoni. Mechi ikishaanza haiguswi tena. Aliweka pia VPN ya majaribio inayojitangaza kuwa ya wachezaji, ambayo iliongeza kona moja zaidi kwenye safari. Na alikuwa ameanza kukitazama kile kitundu cha riseti kwenye kifaa cha faiba, kile cha mtoa huduma kinachopokea waya wa faiba ndani ya nyumba. Nilimsihi asikiguse: vifaa vingi vya mtoa huduma vikifutwa vinasahau namna ya kujitambulisha, nyumba nzima inalala bila mtandao hadi wapige simu wasubiri.

Madirisha matatu

Kompyuta mpakato niliiweka chumbani kwa kijana, ubavuni mwa PlayStation, kwenye waifai ileile. Sebuleni kusingenionyesha kitu. Kwanza nikaandika tracert 8.8.8.8, amri inayofuata njia hadi kwenye seva ya Google, ili kuona pakiti inapita wapi. Mstari wa kwanza ulisoma 192.168.50.1, hiyo ni ruta mpya. Wa pili ukasoma 192.168.100.1. Hiyo ni anwani ya ndani pia, ya kifaa cha faiba. Kuanzia wa tatu ndipo unatoka nyumbani. Hiyo mistari miwili ya mwanzo ikae kichwani, tutaihitaji kwenye habari ya sauti.

Kisha nikafungua madirisha matatu ya amri na kuyapanga kwenye skrini moja: la kwanza linapigia pingi ruta, la pili linapigia kile kituo cha kwanza cha mtoa huduma nje ya nyumba, la tatu linapigia 8.8.8.8. Yote yana -t mwishoni ili yasisimame. Nikayaacha yakimbie jioni nzima huku kijana anacheza, kila mtu nyumbani anafanya yake.

Kusoma ni kwepesi. Dirisha la kwanza likiruka, shida iko kati ya chumba na ruta, na mengine mawili yataruka kwa sababu hiyo hiyo. La kwanza likitulia na la pili likaruka, shida iko kwenye mlango wa kutokea nyumbani. Mawili yakitulia na la tatu likaruka, iko mbali, mpigie mtoa huduma au ukalale.

Jioni ile dirisha la kwanza lilikwenda hivi: 3, 4, 3, 187, 5, 240, halafu "Request timed out", halafu 4 tena. Kutoka chumbani hadi sebuleni, mita ishirini na kitu, pakiti inachukua muda ambao ingetosha kwenda Ulaya na kurudi. Ila la pili lilinishtua zaidi: hata pale la kwanza lilipotulia kwenye 3, lenyewe lilikuwa kwenye mamia. Yaani mtu angetengeneza waifai usiku ule, kijana angefungwa vilevile na waifai ingelaumiwa tena.

Nusu ya shida ilijionyesha yenyewe kabla sijagusa chochote. Madirisha yote matatu yalikufa kwa pamoja kama dakika mbili, taa za ruta zikazima zikawaka. Umeme ulikuwepo. Nikaangalia adapta: ya ruta imeandikwa volti 12, ampea 1, ya kifaa cha faiba, volti 12, ampea 2. Zilibadilishana siku ya kufunga. Kichwa ni kimoja na volti ni moja, kwa hiyo zinaingia bila ubishi, lakini ruta kubwa ikizidiwa kazi jioni inadai zaidi ya ampea 1, inakosa, inajizima. Nilizirudisha mahali pake. Ruta haikujizima tena.

Jiwe na PS4 ya zamani

Wanaojua milima yetu wanajua ujenzi wake. Jiwe lisilopasuka halisumbuliwi. Msingi unalizunguka, ukuta unaegemea, maisha yanaendelea. Chumba cha kijana kiko uani, na kati yake na sebule limesimama jiwe la itale refu kuliko mlango, ambalo upande mmoja ni ukuta wa jiko. Waifai hailipenyi. Inayomfikia kijana ni ile iliyogonga kwenye bati na kuta za majirani ikapinda.

Ruta mpya ingeweza kusaidia kidogo, kama mashine yake ingekuwa nyingine. PlayStation 4 yake ni ya toleo la kwanza, lile la mwaka 2013, na toleo hilo linasikia masafa ya GHz 2.4 pekee. GHz 5 ilikuja na PS4 Slim na Pro mwaka 2016. Maelfu ya Mbps yaliyoandikwa kwenye boksi la ruta, sehemu kubwa ni ya GHz 5, na mashine iliyonunuliwa ruta hiyo haina sikio la kuyasikia. Muuzaji hakuuliza ni PlayStation gani. Sidhani kama kuna muuzaji anayeuliza.

Kwenye GHz 2.4 hali ya mlimani ni mbaya kuliko ya tambarare. Mteremko unawatazamisha watu: nyumba ya juu inaona mabati ya chini, na ruta zao zinaonana vivyo hivyo. Programu ya kuskani kwenye simu ilinionyesha mitandao zaidi ya 20. Chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na ruta ya kijana ilikuwa imejipanulia njia hadi MHz 40, ikikalia nusu ya masafa yote na kugombana na kila mtu. Nikaipunguza hadi MHz 20 na kuihamishia chaneli 11, iliyokuwa na watu wachache. Miruko ya 240 ikashuka hadi 40 na 50. Kwa WhatsApp hiyo ni peponi. Kwa mechi bado haifai, maana saa tatu usiku jirani mmoja akiwasha oveni ya maikrowevu, ambayo nayo inatumia masafa hayohayo, unarudi ulikotoka.

Kwa mashine isiyohama mahali, ushauri wangu ni kebo, na sibadilishi. Mama alikubali haraka alipojua bei yake ukilinganisha na ruta. Tulichukua Cat6 ya shaba. Hapa pana mtego: madukani kumejaa kebo za aluminiamu zilizopakwa shaba, na kwa macho huwezi kutofautisha. Chukua uzi mmoja mwembamba, ukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ile nyingine ukikwangua inatoa weupe, na ukiukunja uzi mara mbili tatu unakatika. Kwa mita tano haitakusumbua. Kwa mita 25 zinazopita juani, nisingeiweka.

Tuliipitisha ndani ya bomba la PVC, chini ya upenu, ikilizunguka jiwe badala ya kushindana nalo. Vichwa nikavibana kwa mpangilio uleule pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea jozi moja kati ya bluu na kahawia, kebo inaweza kufanya kazi kwa Mbps 100 na usijue kamwe, kwa sababu kasi hiyo inatumia nyuzi nne tu kati ya nane. Nikamwonya kijana kuhusu radi. Ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na kebo ya shaba inayotoka nje, hata ikiwa chini ya bati, inaokota umeme wa radi iliyopiga karibu. Mawingu yakikolea upande wa ziwa, chomoa ncha zote mbili. Faiba yenyewe ni kioo, haina habari na radi.

Dirisha la kwanza likageuka "time<1ms" na kubaki hivyo. La pili likaendelea kuruka. Kijana akanitazama, "Kaka, si umesema kebo?"

Lilianza lini

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni lini hasa kuganda kulianza. Mama alikuwa na jibu lake: mvua. Masika ikikolea, mtandao unaugua. Fundi wa mtoa huduma naye alimwunga mkono, akasema mvua zikiisha itatulia.

Sikuwa na imani nalo. Intaneti ya dishi inaweza kusumbuliwa na mvua kubwa, lakini hii ni faiba, na mvua haimfanyi kitu mwanga ulio ndani ya kioo isipokuwa maji yaingie kwenye kiungo au upepo uvute waya. Ikitokea hivyo, nguvu ya mwanga inashuka, na kifaa cha faiba kinaionyesha kwenye menyu yake. Kilisoma -21 dBm. Vifaa vya namna hiyo kwa kawaida vinahimili hadi karibu -27. Mvua kubwa ya jioni ilipopiga nikaangalia tena: -21 ileile.

Ushahidi ulikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Kijana ana tabia nzuri ya kulalamika kwa maandishi. Kila akifungwa kwa sababu ya mtandao anaandika, kila akishinda anapiga picha ya skrini. Tulikaa tukapandisha kundi lile nyuma kwa miezi. Januari: malalamiko. Februari mwanzoni: malalamiko. Kisha kukawa kimya kwa wiki kadhaa, ushindi mtupu, hadi wenzake wakamtania kwamba amehonga seva. Kisha Pasaka ikapita, na Jumapili iliyofuata akaanza tena. Ukiangalia siku zenyewe, nyingi ni Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Alhamisi karibu hakuna.

Mvua haijui Alhamisi. Kinachojua Jumapili, na kinachonyamaza Kwaresima nzima, ni harusi.

Kaka yake mkubwa anapiga picha na video za harusi. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeangukia humohumo, kwa hiyo wiki zile kumbi za Mwanza zilikuwa zimelala, upande huu na upande ule. Pasaka ilipopita, sendofu na harusi zikarudi kwa pamoja. Kaka anapiga kazi Jumamosi, anaamka Jumapili mchana, na jioni akifika nyumbani anafungua kompyuta yake na kuziacha video zipande kwenye hifadhi ya mtandaoni ili mhariri wake aliyeko Dar es Salaam aanze kuzikata. Harusi moja ni kama GB 40.

Piga hesabu. Kupakia kwao kulikuwa Mbps 5. GB 40 ni megabiti 320,000. Gawanya kwa 5, ni sekunde 64,000, karibu saa 18. Kompyuta inawashwa jioni na kuzimwa wakati wa kulala. Saa 18 zinagawanyika kwenye jioni ya Jumapili, ya Jumatatu na ya Jumanne.

Tulisubiri Jumapili. Dirisha la pili lilikuwa linasoma 612, 745, 803, 790. Nikamwomba kaka abonyeze kitufe cha kusimamisha. Sekunde mbili zikapita: 9, 8, 8, 11. Endelea: 300, 580, 760. Simamisha: 8. Kijana alisimama mlangoni, akamwangalia kaka yake, hakusema kitu. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Foleni iliyojificha

Hapa ndipo wengi wanasema: basi, kaka asipakie. Hilo ni jibu la kugombanisha ndugu. Kaka anafanya kazi inayolipa sehemu ya kifurushi hichohicho, na Mbps 5 zinatosha kabisa kwa video zake na mechi ya mdogo wake kwa wakati mmoja, kwa sababu mechi haili hata moja. Tatizo ni namna vinavyopanga mstari.

Kifaa cha faiba kina bafa, sehemu ya kusubiria ya pakiti ambazo njia haijazipitisha bado. Kompyuta ya kaka inasukuma video kwa kasi yote inayopata, bafa inajaa, na kila pakiti mpya inakwenda mwisho wa mstari, iwe ya video au ya pasi ya mpira. Ndiyo foleni ya kivuko cha Kamanga pale malori ya mchanga yanapotangulia: bodaboda ina nafasi tele juu ya kivuko, lakini inasubiri malori yote yaliyoko mbele yake. Bafa ya KB 500 ikijaa, kwenye njia ya Mbps 5 inahitaji sekunde 0.8 kumwagika. Hizo ndizo zile 800 za kwenye dirisha la pili.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini pesa ya mwanzo ilipotea. Kifurushi kilipopanda kutoka 10 hadi 20, kilichopanda ni kupakua. Kupakia kulikuwa 5, kukabaki 5. Tovuti za kupimia kasi zinaandika namba zote mbili, ila watu wanasoma ya kwanza tu na kufunga simu.

Inaeleza pia ya ruta. Ilikuwa na kitufe cha kipaumbele cha gemu, na kilikuwa kimewashwa. Lakini ruta inakikabidhi kifaa cha faiba pakiti kwa kasi ya kebo fupi iliyo kati yao, kasi kubwa kuliko Mbps 5 mara nyingi, kwa hiyo ndani ya ruta hakuna foleni kabisa. Foleni iko mbele, kwenye kifaa kingine ambacho hakijui gemu ni nini. Ruta ilikuwa inapanga mstari usio na watu.

Dawa yake inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: punguza kasi kwa makusudi. Ukiiambia ruta isipitishe zaidi ya asilimia kama 90 ya kasi halisi, njia nyembamba inakuwa ndani ya ruta, foleni inahamia humo, na ruta sasa ina mamlaka juu yake. Kisha unaichagulia namna ya kuipanga. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa utaratibu unaoitwa CoDel, unaoangalia pakiti imekaa kwenye foleni muda gani na kuanza kuziangusha zikikaa mno, ili anayesukuma apunguze mwendo. Ndugu yake, fq_codel, iliyoandikwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, inaongeza jambo moja: kila mtiririko unapewa mstari wake, na mtiririko mwembamba kama wa mechi unapita bila kusubiri ulio mnene.

Ruta yao ina menyu hiyo, na kusema kweli hiyo ndiyo sehemu pekee ya bei yake iliyokuja kutumika. Ambaye ruta yake haina anaweza kutafuta inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, yenye nyongeza ya SQM inayofanya kazi hiyohiyo, hata kwenye ruta ya bei ndogo ukiwa na Mbps 20 tu. Nilipima kasi halisi kwa kebo mapema asubuhi, watu wakiwa wamelala: kupakua 19, kupakia 5. Nikaweka kikomo cha 17 na 4.5, nikachagua fq_codel, na kile kitufe cha kipaumbele cha gemu nikakizima.

Jumapili iliyofuata kaka akapakia, kijana akacheza. Dirisha la kwanza chini ya 1. La pili kati ya 10 na 20. La tatu, ambalo likiwa tulivu kabisa husoma 45, likacheza kati ya 48 na 60. Video za kaka sasa zinahitaji karibu saa 20 badala ya 18. Hakugundua hadi nilipomwambia, na hata hivyo siku hizi haizimi kompyuta wakati wa kulala, anaiacha ikipandisha usiku, nyumba ikiwa imelala.

Sauti za wenzake

Rudi kwenye mistari miwili ya tracert. Kifaa cha faiba kina ruta yake ndani. Walipochomeka ruta mpya nyuma yake, nyumba ikawa na ruta mbili, na kila moja inafanya NAT yake, yaani kuvificha vifaa vilivyo nyuma yake kwa anwani moja. Wenzake wakituma sauti, inafika kwenye ya kwanza, isiyojua kwamba PlayStation iko nyuma ya ya pili. UPnP, inayoiruhusu mashine kujifungulia mlango kwenye ruta, iliwashwa kwenye ruta mpya, lakini inafungua mlango wa ndani tu. Wa nje umebaki umefungwa. Mashine yenyewe ilikuwa inaandika NAT ya aina ya 3, ile inayobana zaidi, kwenye ukurasa wa kupima mtandao, na hakuna aliyekuwa amefungua ukurasa huo.

Tulimwomba mtoa huduma akigeuze kifaa chake kiwe briji, kibaki kupitisha tu na ruta ya kijana ifanye kazi yote. Ilichukua simu kadhaa na subira ya mama. Baada ya hapo NAT ikarudi aina ya 2, sauti zikarudi.

Ila anwani iliyotokea kwenye ruta upande wa nje inaanza na 100.72. Anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 zilitengwa mwezi Aprili 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaogawana anwani moja ya umma kwa wateja wengi. Yaani kuna NAT nyingine, iliyo kwao, na hiyo hakuna menyu ya nyumbani inayoifikia. Kwa kijana maana yake ni kwamba anaingia kwenye mechi yoyote na anaongea na wenzake, lakini akitaka yeye mwenyewe kufungua chumba cha mchezo, baadhi ya wachezaji watashindwa kumfikia. Anwani ya umma inapatikana kwa kuomba, na inalipiwa kila mwezi.

Mama akauliza kama bila hiyo anwani mtoto anaweza kucheza. Nikamjibu anaweza. "Basi acheze," akasema, na mwisho wa mwezi akakirudisha kifurushi kwenye Mbps 10, kwa kuwa kupakia ni kulekule 5. Siku kilipobadilika kijana alikishusha kikomo cha kupakua kwenye ruta hadi 9, maana kingebaki 17, foleni ya upande wa kupakua ingehamia kwa mtoa huduma, mahali ambapo fq_codel ya nyumbani haina la kufanya.